Penalti ya Tano

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Nafula,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini wewe na mtoto mmeamka salama hapo Musanda, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua. Mimi ni mzima wa mwili. Joto la huku Ghuba limezidi, na ghalani tunabeba mizigo mpaka shati linakauka chumvi mgongoni, lakini hayo umeshazoea kuyasikia.

Najua unangoja habari moja tu. Tulia nikueleze kwa mpango, maana nikianzia mwisho nitashindwa kuandika.

Kama nilivyokuambia kwa simu, waajiri wa huku waliandaa kombe la mataifa kwa sisi wafanyakazi. Kila taifa na timu yake, na kila mchezaji wa timu bingwa apewe tiketi na likizo ya wiki tatu nyumbani. Wenzangu walikuwa wanataka kombe. Mimi nilikuwa namtaka Nafula, niliyemwacha tumboni, na sasa anafukuza kuku uani na hajawahi kuniona ila kwenye simu, tena simu yenyewe anaikimbia. Tukishindwa, ni kungoja mpaka mkataba uishe mwaka ujao.

Mimi ndiye niliyekuwa kipa. Beki wetu ni Shiundu, yule wa Mumias anayelala kitanda cha juu yangu. Huyo ana macho. Alikuwa akienda kuwatazama wapinzani wakifanya mazoezi, akajua kila mmoja hupenda kupiga penalti upande gani. Kisha uwanjani tunapeana habari kwa Kiluhya, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nusu fainali na Ghana iliisha kwa penalti. Shiundu akawa ananipigia kelele kutoka katikati ya uwanja, nami nikadaka mbili. Waghana walidhani tunaroga. Basi tukavimba vichwa.

Fainali ilikuwa Ijumaa alasiri, sisi na Uganda. Kwa wasiwasi glavu nilizivaa kinyume. Tulitangulia kufunga, wakasawazisha zikibaki dakika mbili, na zilipokwisha refa hakuongeza muda. Penalti tena.

Wao walifunga nne, sisi nne. Ya tano ya kwetu ikagonga mlingoti. Ya kwao nikiidaka, tunaendelea. Ikiingia, nabaki huku.

Akaja kijana mmoja mrefu, mpole, akaweka mpira chini. Shiundu akaniitia kwa Kiluhya kwamba huyo hupiga kulia kwangu. Laiti ningenyamaza! Mimi kwa mdomo wangu huu nikamjibu, kwa Kiluhya vilevile, “Nimesikia. Naenda kulia mapema.”

Yule kijana akainama, akaugeuza mpira kidogo. Filimbi ikalia. Nikaruka kulia kwa nguvu zangu zote. Mpira ukaenda kushoto polepole hivi, ningesimama tu ningeuzuia kwa mguu.

Nilikuwa bado nimelala chini alipokuja kuniinua. Akanisalimia kwa Kiluhya, “Mulembe.” Kisha akaniambia kwa lugha yetu, “Pole, ndugu yangu. Mimi ni Msamia, Mluhya kama ninyi, wa Busia upande wa Uganda. Nimewasikia tangu kipindi cha kwanza.”

Cheka, una haki. Shangazi yako ameolewa Samia, na kila Desemba tunapiga gumzo na mumewe jikoni bila mkalimani. Lakini nilipoona jezi ya Uganda nilidhani wote ni Waganda wasiojua Kiluhya. Siku mbili chakula hakikupita. Mama Nafula, nisamehe. Najua ulishaanza kupaka nyumba udongo kwa ajili yangu.

Siku ya tatu yule kijana, anaitwa Wandera, alikuja chumbani kwetu akaketi kitandani pangu. Aliuliza kwetu ni wapi. Nilipotaja Musanda akasema anakuja nyumbani kwa likizo waliyoshinda, na kutoka kwao si mbali, niandike barua ataileta kwa mkono.

Kwa hiyo mgeni aliyekaa hapo mbele yako ukisoma ndiye aliyenifunga. Usimkunjie uso. Mchinjie kuku, ingokho mzima, msongee ugali, obusuma wa mkono wako, na imondo, ile firigisi yangu ambayo huwa hamumpi mtu mwingine, mpe yeye.

Nisalimie mama yangu, umwambie anywe dawa zote asiache katikati. Msalimie kaka yangu mkata miwa, na shemeji fundi wa nguo, na mchungaji aliyetuombea tushinde. Mwambie kosa halikuwa lake.

Halafu mpe Wandera mtoto ampakate, hata akilia. Akirudi huku nitamuuliza mtoto ana uzito gani.

Mumeo akupendaye,
Baba Nafula