Barua za Kabatini kwa Gambera

Kambini, Kasulo, Ngara
5 Novemba 1996

Mwanangu Jean Paul,

Pokea salamu zangu na za mdogo wako Ineza. Sisi wazima, isipokuwa goti langu, nalo nimeshalizoea. Je, huko seminarini unakula? Ineza ndiye anayeandika. Mimi nasema, yeye anageuza kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, ili Gambera, mkuu wenu, akiifungua aelewe. Akiongeza ya kwake usinilaumu.

Mwanangu, maneno ya kurudi Rwanda yamekuwa mengi. Sokoni ni hayo, kwenye foleni ya maji ni hayo. Jirani yetu Minani anasema heri aingie msituni na wanawe kuliko kuvuka daraja la mpakani, Rusumo. Mimi sijui. Kule nyumba yetu ina watu wengine, na baba yako hata kaburi lake sikuonyeshwa. Hapa nako ni miaka miwili na nusu chini ya turubai. Asubuhi nasema twende, jioni nasema tubaki. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii na ndiye uliyesoma. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Mama yako,
Nyirabahizi


Nyumba ya Malezi, Biharamulo
12 Novemba 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Kula nakula; wiki hii zamu ya jikoni ni yangu, na wenzangu wanasema ugali wangu ni mfungo wa Kwaresima. Kengele inalia saa kumi na moja alfajiri: sala ya masifu, misa, kisha jembe mpaka saa nne, ndipo darasani. Wenzangu waliotoka Nyamigogo bado wanayacheka matamshi yangu ya Kinyarwanda ninaposoma somo kanisani, nami nacheka nao.

Barua yako nilikwenda nayo kwa Gambera, Padre Kazimili, nikaomba ruhusa ya siku mbili. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema kabla ya mafungo hakuna anayetoka ila kwa maziko ya mzazi, na atakayetoka hivi hivi asirudi. Si mtu mbaya, mama. Kanuni ameikuta.

Ijumaa tunaingia mafungo yenyewe, siku thelathini za kimya. Hatusemi, hatuandiki, na barua zinazokuja hukaa kabatini kwake bila kufunguliwa mpaka siku ya mwisho, Jumapili tarehe 15 Desemba. Baada ya hapo tunapewa siku tatu za kwenda nyumbani. Nitakuja. Jambo kubwa namna hii haliamuliwi kwa barua. Tutaketi watatu tuamue. Nawaomba mningoje. Msiondoke kabla sijafika.

Mwanao,
Jean Paul


Kambini, Kasulo
7 Desemba 1996

Mwanangu,

Salamu nyingi. Tu wazima wa mwili tu.

Najua barua hii itaingia kabatini. Ineza amenikumbusha mara mbili. Nimemwambia andika tu, labda Gambera akiona bahasha imetoka kambini moyo utamgusa.

Tangazo limesomwa kwa kipaza sauti: wakimbizi wote wawe wamerudi kabla mwezi haujaisha. Minani ameondoka na watu wake. Alipita kutuchukua, nikamjibu kwamba mwanangu amesema tungoje. Akamtazama Ineza, akaenda zake. Mtu anayesomea upadre akisema ngoja, mimi ni nani nibishe? Vyombo tumeshafunga, tumebakiza sufuria moja ya kupikia. Tunangoja. Lakini kama kuna namna yoyote, njoo.

Mama yako,
Nyirabahizi


Barabarani, Kasulo
13 Desemba 1996

Mwanangu,

Leo salamu ni fupi. Ineza anaandika kwa kuegemea mgongo wangu. Askari wamepita turubai kwa turubai wakisema ni sasa. Tuko kwenye foleni ya kwenda Rusumo, na katekista Bernardo anasubiri na baiskeli yake aichukue karatasi hii.

Nimekungoja. Zimebaki siku mbili tu, nazo zimenishinda. Usijilaumu.

Kuna jambo nimefanya. Karani wa kuandika majina alitazama kadi yetu ya posho, imeandikwa watu watatu. Akauliza wa tatu yuko wapi. Nikaona nikisema yuko seminarini watakuja kukutoa huko. Nikamwambia mwanangu amekufa kwa kipindupindu. Akalipiga mstari jina lako. Ineza akalia, karani akampa pole ya msiba. Gambera akifika hapa katika kusoma, naye anisamehe.

Usitufuate. Wewe soma.

Mama yako,
Nyirabahizi


Nyumba ya Malezi, Biharamulo
18 Desemba 1996

Mama,

Shikamoo. Nimeshuka kwenye lori sasa hivi, naandika bila kujua mmelala wapi wala mmekula nini. Sista Bernadetha wa zahanati yetu anavuka kesho na gari la dawa. Amekubali kuibeba barua hii na kuwaulizia njiani.

Jumapili baada ya misa Gambera alinipa barua zako mbili huku akitabasamu, akidhani ananifurahisha. Nilizisoma nimesimama mbele yake, kisha nikampa naye akasoma. Akazikunja, akanirudishia. Akasema, "Nenda. Usiporudi nitaelewa." Nilitia kila nilicho nacho mkobani, mama. Nilikuja ili nivuke nanyi. Hasira nilikuwa nayo, na si kwa Gambera; ni kwa huyu kijana aliyewaandikia msiondoke, kana kwamba dunia ingemsubiri amalize kusali.

Kasulo hakuna mtu. Mahali petu nilipatambua kwa mafiga. Nikaendelea kwa miguu mpaka Rusumo, nikafika jana mchana. Watu walikuwa bado wanapita. Nikamwendea karani mwenye orodha, nikamwulizia Nyirabahizi na binti yake. Akapekua, akasema mmevuka Jumamosi. Daraja lilikuwa pale pale mbele yangu. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akasema, "Huyu mama alifiwa na mwanawe kambini. Wewe ni nani wake?"

Nilijua nikisema kweli navuka. Na ndicho kilichonitoa Biharamulo. Nikatazama wenye bunduki ng'ambo, nikatazama watu wanavyohesabiwa. Niliogopa, mama.

Nikamjibu, "Jirani."

Akaniambia basi, jirani, usisimame hapo, unawazuia wenye watu wao.

Mwanao,
Jean Paul