Shangazi, Tumekikagua na Chumba Chako

Shangazi yangu Hadija,

Shikamoo. Najua ungeanza kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Mke wa Bakari kaleta ugali wa muhogo na kisamvu, nikala mpaka nikaona haya. Sasa nimekaa barazani kwako hapa Ruangwa, nywele zimejaa kutu, mikono imejaa kutu, na hasira zangu bado hazijaisha. Hasira zenyewe ni juu yako wewe, kwa hiyo tulia unisikilize.

Tangu tukuzike nimehamia hapa. Kibanda changu cha kushonea pale Nachingwea nimekifunga, cherehani nimeipakia kwenye lori la korosho, nikaja. Bakari alitaka tumkabidhi dalali nyumba. Nikamwambia, kaka, shangazi hakuzaa, akatulea sisi wawili kwa kodi ya vyumba hivi. Dalali hagusi hata komeo. Akanuna, lakini akakubali. Unamjua ndugu yangu, akinuna amekubali.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuonea aibu nilipokuwa msichana? Wenye nyumba wengine wanatoa ufunguo, basi, yameisha. Wewe ulingoja anayehama na anayehamia wakutane, ukawaingiza wote wawili chumbani, ukafunga mlango na dirisha mchana kweupe, mkasimama gizani kutazama bati linapopitisha mwanga. Kisha unamwambia anayehama, "Haya, mwonyeshe mwenzio." Na wewe mwenye nyumba unafunga mdomo. Yule anataja yote: komeo linalogoma, mchwa wa kwenye fremu, pembe inayoingiza maji. Alichokivunja mwenyewe anakitaja pia, maana macho ya mwenzake yapo pale pale. Kuna karani mmoja alitaja hata mkoromo wa jirani yake, ukacheka mpaka ukakaa chini.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kuendelea. Lakini mara ya kwanza tu, mambo yakaharibika.

Chande, yule kijana wa machimbo wa chumba cha mwisho, alihama. Bakari akapokea ufunguo kwake stendi, akamwacha aende zake. Siku mbili baadaye akaja Mwalimu Neema, kapangiwa shule hapa kutoka Mbeya, mizigo kichwani na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza sawasawa. Nikafungua chumba, nikafunga mlango kama ulivyotufundisha. Bati zima. Ila kwenye pembe, pale jiko lilipokuwa likiwekwa, ukuta ulikuwa na weusi usio wa kupikia, na sakafuni kwenye ufa kulikuwa na tone linang'aa, ukiligusa kwa kijiti linakimbia. Nikamrudisha Neema nje. Bakari akasema, "Dada, paka chokaa, mwalimu aingie. Unatafuta nini?"

Namtafuta anayehama, nikamwambia.

Nikapanda pikapu mpaka machimboni Namungo. Nilimkuta Chande uwanjani, mechi imepamba moto, watu wamejazana mpaka juu ya magunia ya mawe yao. Nikasimama mbele yake nikamziba goli. Mwanzo alicheka. Nilipomtajia mtoto mchanga, akaacha kucheka. "Dada, nilikuwa nachomea mle mle ndani. Kule shimoni wananiibia." Alikuwa anakusanya dhahabu kwa zebaki, anaichoma kwenye jiko la mkaa, mlango kaufunga, moshi wote wa sumu anaubakiza chumbani kwako.

Sikumtukana, shangazi. Nilimwambia maneno yako, kwamba amwonyeshe mwenzie. Na alikuja! Alisimama kwenye ile pembe, kofia mkononi, akamweleza Neema alichokuwa akifanya, kwa sauti ndogo, bila kuficha. Neema akamkumbatia mwanawe akatoka kwenda uani, kisha akarudi mlangoni akamshukuru. Bwana afya naye akaja, akasema kisikaliwe, hata mahindi yasiwekwe humo. Nimekifunga. Bakari hakusema tena habari za chokaa.

Lakini Neema alikuwa bado hana pa kulala, na vyumba vingine vimejaa. Kikabaki chako.

Shangazi, tangu arobaini yako hakuna aliyekigusa. Khanga zako zilikuwa bado kwenye kamba. Nilisimama mlangoni na ufunguo nikaona mguu hautaki. Bakari ndiye aliyesema, na sikutegemea kwake, "Kama tunakagua, tukague. Hata cha shangazi." Tukaingia, mimi, yeye na Neema. Nikafunga mlango. Nikafunga na dirisha.

Hakukuwa na giza.

Mwanga uliingia kila mahali. Juu ya kitanda chako bati lilikuwa limetoboka kama chekeche, na kitanda chenyewe ulikuwa umekisogeza, ukakisogeza tena, mpaka kimebanwa kwenye kona ya mlango. Chini yake makopo ya kukingia maji, yamepangwa vizuri kama vyombo vya wageni. Bakari akatazama juu. Akasema, "Haya ni mabati ya chumba cha yule karani. Nilimsaidia shangazi kuyang'oa. Aliniambia anayatupa."

Hukuyatupa. Kila bati bovu tuliloling'oa kwa mpangaji tukaweka jipya, ulilipandisha juu ya kichwa chako mwenyewe. Ndiyo maana tukija unatupokea barazani. Ndiyo maana ulikuwa hutaki tuingie na kufunga mlango. Masika yote ulikohoa, nikikuuliza unasema vumbi la pumba. Kifua kikakuondoa, sisi tukasema ni amri ya Mungu. Ni amri yake kweli, lakini mvua ilikuwa inakunyeshea kitandani, shangazi! Ndani ya nyumba yako! Ungetuambia. Ungesema neno moja tu, Bakari angepanda juu siku ile ile.

Nililia pale pale, kwa sauti, Neema akanishika bega. Wewe ndiye uliyehama, na wewe ndiye uliyetakiwa kutaja, na hukuwepo. Basi nikataja mimi. Nilimgeukia Neema, nikapangusa uso, nikasema chumba hiki kinavuja kuanzia dirishani mpaka mlangoni, aliyekuwa akikaa humu aliugua humu, na mimi mwenye nyumba sikupangishi mpaka kipone. Ilinitoka kwa shida, lakini nilimaliza.

Sasa tunalala wote sebuleni, mimi, Neema na mtoto, ambaye analia kwa zamu na jogoo wa jirani. Korosho za shamba letu la Mkotokuyana tumeuza mapema, mabati yamefika. Leo tangu asubuhi Bakari alikuwa juu anang'oa, mimi chini napokea, ndiyo kutu hii niliyokuambia. Amejikata kidole, analalamika kama mzazi mwenye uchungu. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Narung'ombe, lakini kesho tunapigilia, yanyeshe yasinyeshe.

Khanga zako nimezikunja. Moja nimempa mtoto wa Neema. Nyingine nimejifunga.

Nakuacha upumzike, shangazi, mahali ambapo Mungu akipenda hapavuji. Sitakuambia nimekusamehe, bado. Nitakuambia ninachokwenda kufanya. Nyumba hii itaendelea kukaguliwa kwa mtindo wako, ila nimeongeza langu moja, na Bakari amelikubali bila kununa: kabla mpangaji yeyote hajaingia au hajatoka, tutafunga kwanza mlango wa chumba cha mwenye nyumba, na mpangaji ndiye atakayesimama ndani atazame juu.

Mwanao uliyemlea,
Zuhura