Wa Kwanza Kusema Turudi

Jumatatu, 9 Machi

Tumeondoka. Saa moja kamili, alisema Mzee. Tumetoka saa nne, maana mlango wa nyuma haufungiki kitanda kikiwa kimekunjuliwa, na kitanda hakikunjiki. Mume wangu amekuwa fundi wa majokofu maisha yake yote. Alistaafu mwaka jana, na badala ya kupumzika kama wenzake alinunua gari kuukuu la kusambazia mikate, akaligeuza nyumba. Kitanda, jiko, sinki, mapazia niliyoyashona mwenyewe. Ubavuni amepaka rangi mara mbili, lakini maneno bado yanasomeka: MIKATE MOTO KILA SIKU.

Makubaliano ni haya, niyaandike asije akanigeuka. Tunavuka jangwa mpaka upande wa pili. Tukifika, tunauza nyumba, tunahamia humu, tunazurura mpaka magoti yakatae. Nikisema turudi kabla ya hapo, gari linauzwa na yeye halitaji tena. Jirani anayeitaka nyumba anasubiri jibu Jumapili.

Rahisi, si ndiyo? Niseme turudi hata kesho. Thubutu! Namjua mume wangu. Nitasimuliwa kwenye kila harusi na kila msiba: tulikuwa tunafika, mama huyu akashindwa. Hapana. Aseme yeye, kwa mdomo wake. Katika nyumba ile nimelea watoto wangu pacha, na cherehani yangu iko pale dirishani panapoingia mwanga mzuri. Siihami kwa ajili ya sinki la kukunja.

Kwa hiyo nimeamua kutabasamu.

Jumanne, 10 Machi

Joto. Gari lina jokofu zuri kuliko la nyumbani — maji yanatoka na barafu, nyanya zimeganda. Sisi watu hatuna hata feni. Nimemuuliza, kwa upole kabisa. Akasema feni inakula betri, na betri ni ya jokofu. Nyanya zinaishi vizuri kuliko mimi. Nikaanza kuimba. Akanitazama, akabadili gia.

Jumatano, 11 Machi

Injini imechemsha. Tumesimama mahali pasipo na mti wala nguzo, Mzee kaingiza kichwa chote kwenye boneti. Karudi amefurahi, kapata dawa: tuwashe hita. Nilidhani jua limempiga. Akanipa somo, lile lile alilokuwa akiwapa wanagenzi wake: joto haliuawi, linahamishwa tu. Likitoka kwenye injini lazima liwe na pa kwenda. Basi lije kwetu.

Tumeendesha mchana kutwa, jangwani, hita imefunguliwa mpaka mwisho. Madirisha wazi, miguu yangu ndani ya beseni la maji. Maneno ya ubavuni sasa ni kweli tupu. Lori likatupita polepole, dereva akachungulia na kuuliza kama mikate ipo. Mzee akamjibu kwa uso mkavu kwamba bado imo tanurini. Nilicheka mpaka machozi, na yeye akacheka mpaka akalazimika kusimamisha gari. La ajabu ni kwamba sikuwa naigiza.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeamka kabla yake, nikakaa kwenye ngazi ya gari na chai yangu. Mchanga mpaka macho yachoke. Hakuna mteja wa kunisukumia suruali ipunguzwe kiuno, hakuna anayegonga geti kuulizia gauni la harusi ya keshokutwa. Nilikaa mpaka chai ikapoa, na kuinuka nikaona uzito. Jambo hili sijalipenda hata kidogo.

Mchana, kituo cha mafuta. Mtandao upo. Nimetoka msalani nikamsikia Mzee nyuma ya gari, anaongea na dada yake kwenye simu. (Wifi yangu hutunza siri kama chujio linavyotunza maji.) Anamwambia mgongo umekwisha, usingizi hapati, anaota kitanda chake na bafu lake. Bila shaka aliambiwa basi rudini, maana akajibu: "Nitasemaje, dada? Mwenzangu anaimba. Sijamwona na furaha hivi tangu pacha wazaliwe. Kweli nimvunje moyo?"

Nimerudi msalani nikajifungia. Nimeshinda! Kilichobaki ni kukaa kimya tu. Nilitarajia ushindi uwe mtamu zaidi ya huu.

Ijumaa, 13 Machi

Njia panda. Kushoto ni upande wa pili, jioni tumefika. Kulia ni lami ya kuzunguka kurudi nyumbani. Mzee kasimamisha gari, kashuka, kalipiga teke tairi lisilo na kosa lolote. Kisha akasema bila kunitazama:

"Kama umechoka sema tu, Mama Pacha. Mimi sina neno."

"Nani amechoka? Labda wewe, Baba Pacha."

"Mimi? Mimi niko fiti."

Fiti! Mgongo umepinda kama kiwiko cha bomba.

Nimemwambia anipe muda kidogo, ndiyo niko hapa ngazini naandika. Nikisema turudi, nyumba ni yangu. Atanisimulia kwenye kila msiba, na moyoni atanishukuru. Nikinyamaza kidogo tu, atasema mwenyewe. Namwona midomo inavyomcheza. Ndicho nilichokitaka tangu Jumatatu. Ila leo asubuhi nimekaa tena ngazini, nikamkumbuka mwanamke aliyeinamia suruali za watu miaka yote pale dirishani, kwenye ule mwanga mzuri. Nikamwonea huruma, kabla sijakumbuka kwamba ni mimi. Na mgongo wa Mzee nao ninauonea huruma. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, na hita inawaka.

Amekuja na kikombe changu. Anapuliza chai ipoe. Joto lote hili, anapuliza.

"Haya," anasema. "Tunakata wapi?"

Neno ninalo tayari ulimini, na silo lile la turudi nililotoka nalo nyumbani.