Sketi Juu ya Bukta

Dada yangu mpenzi,

Huku tu wazima, mvua imetulia. Viatu ulivyomletea binti yangu vilimtosha sawasawa, kila asubuhi akawa anakimbia.

Vijana wa gereji wakaanza, "We Twiga, unakimbilia mume?" Nikaogopa maneno ya watu, nikamvalisha sketi ndefu juu ya bukta.

Juzi mmoja wao alimdaka kwa sketi hiyohiyo, akambwaga chini, akampiga ngumi mpaka jino likang'oka. Mume wangu kasema, "Basi, binti akae nyumbani." Binti mwenyewe anavitazama viatu tu.

Dada, sketi nilimvalisha mimi. Leo nimeichana, imekuwa matambara ya kudekia. Kesho anakimbia na bukta yake, nami nyuma yake na magoti yangu haya mabovu, mchi mkononi.

Usinicheke.

Mdogo wako