Raifali Tuliyoichagua Makambako

Baba yangu,

Wiki iliyopita niliipeleka raifali yetu polisi hapa Njombe nikaikabidhi kwa hiari, pamoja na leseni yake. Askari aliyeipokea, mama mmoja mpole, alivuta komeo, akachungulia chemba, akasema, "Imetunzwa hii. Ulikuwa unawinda nini?" Nikamwambia haijawahi kuua hata panya. Aliniangalia kama naficha kitu, kisha akaendelea kuandika.

Nilirudi nyumbani Mjimwema mikono mitupu, na tangu hapo nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo. Una miaka minane sasa katika makaburi ya Kifanya. Kuna jambo la siku ile ya machimboni ambalo hatukuwahi kulimaliza, wewe na mimi. Naandika nilimalize.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Makambako ilikuwa imefurika mitumba, redio na malori ya watu binafsi, na wakati huohuo watu kama wewe mlikuwa mnapunguzwa kazi serikalini. Ulikuwa bwana miti kwa miaka mingi, na kabla ya hapo mwanajeshi. Ulipopewa kiinua mgongo chako, mama alitaka bati za nyumba. Ukanunua bati. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa, ukasema kilichobaki unataka kununulia raifali, ujiunge na wale wastaafu waliokuwa wakikutana Jumamosi kulenga shabaha.

"Bunduki kwenye nyumba inayosali?" mama aliuliza.

"Ya kutoboa karatasi tu, mama Neema. Haitatoboa kingine."

Neema ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nafundisha shule ya msingi, na ulinichukua kwa sababu, ulisema, maandishi ya kwenye silaha yote ni Kiingereza. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyesoma ramani za misitu kwa Kiingereza maisha yake yote amhitaji msomaji.

Mzee Shabani ndiye aliyekuwa anauza. Alikuja Makambako kutoka Kondoa na lori moja, siku zile tayari anayo manne, na alikuwa ameacha uwindaji baada ya kuumia mgongo. Polisi walishaambiwa, barua zilishaandikwa, ilibaki kuchagua. Alitukaribisha kwa kahawa na kashata, akatupa pole ya baridi ya njiani, kisha akafungua kabati la chuma akatoa raifali mbili.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, nzito, ya kuwindia nyati, na juu yake darubini ndefu nyeusi. Ya pili ilikuwa ndogo, ya risasi nyembamba kama kipande cha penseli, na darubini yake fupi ambayo kioo chake hakikuzidi sarafu. Ulizikagua zote mbili kama zina risasi, ukanipa nami nizikague. "Usimwamini aliyekuambia ni tupu," ulisema. "Hata kama ni mimi."

Mzee Shabani alisema waziwazi, "Bwana miti, kwa karatasi chukua hii ndogo. Ile kubwa itakupiga teke bure, na risasi zake ni za kutafuta kwa tochi."

Lakini ulikuwa umeshaweka jicho kwenye darubini ya ile kubwa, unatazama nje dirishani, na uso wako ukabadilika. Ulifurahi kama mtu aliyeonana na ndugu. "Nasoma kibao cha lile duka," ulisema. "Naona mpaka misumari." Mimi nilikuwa nakisoma kibao kile bila darubini. Nilidhani unatania.

Tukaenda kujaribu kwenye machimbo ya zamani ya moramu ya barabara, nje ya mji, mahali ambapo Mzee Shabani alikuwa na ruhusa. Nilitembea hatua hamsini kwenda kubandika karatasi kwenye ukuta mwekundu wa machimbo. Nilikuwa nimevaa sweta la mtumba, rangi yake sawa na ya udongo ule. Upepo ukanivuruga; pini moja ikaanguka, nikachutama kuitafuta.

Nilipoinua kichwa niliona umelala kifudifudi na mtutu wa ile kubwa unanitazama.

Sikupiga kelele, baba. Nilichosikia ni sauti ya Mzee Shabani, "Mtoto yuko pale! Mtoto yuko pale!" Nikamwona ameinama na ule mgongo wake mbovu, amekamata mtutu kwa mkono na kuusukuma kuelekea juu. Risasi ilikuwa tayari chemba. Ulikuwa umesikia hatua za Mzee Shabani nyuma yako ukafikiri ni mimi nimerudi.

Nilikuja mpaka pale mlipokuwa. Ulikuwa umekaa chini, unajaribu kutoa ile risasi bila kufanikiwa. Mzee Shabani akaichukua raifali akaitoa risasi mwenyewe.

"Baba, hukuniona?"

"Nilikuona," ulisema.

Hapo ndipo nilipokasirika, nikasema neno ambalo mtoto hamwambii baba yake mbele ya mgeni. "Unadanganya. Huoni. Huoni kabisa."

Mzee Shabani alituacha akaenda kusimama kwenye gari. Ulifuta magoti, ukavaa kofia, ukasema twende. Garini, kutoka Makambako mpaka Njombe, hukutamka kitu, na mimi sikuomba radhi.

Wiki tatu hukuzungumza nami zaidi ya salamu. Nilipokuja kwenu Kifanya mwisho wa wiki ulikuwa na kazi kwenye miti. Nilipokufuata kwenye miti, ulikuwa na kazi nyumbani. Nilijua nimekuvunjia heshima na kwamba hutanisamehe. Nikasikia kwa watu umeenda hospitali ya misheni, wamekuambia jicho la kulia lina mtoto wa jicho na la kushoto limeharibika siku nyingi, tangu jeshini.

Kisha Jumamosi moja ukatokea shuleni kwangu, umevaa koti lako la kanisani.

"Kamwene," ulisema, salamu ya kwetu, kama unamsalimia mtu mzima mwenzio. "Twende Makambako."

"Kufanya nini tena, baba?"

"Kuchagua. Mimi sitashika. Utashika wewe."

Nilikataa. Nilikuambia sijawahi kuota kitu kama hicho. Ukakaa kwenye dawati la mbele, magoti yamekugota kidevuni, ukasema, "Sikukuona, Neema. Siku ile sikukuona. Na nilijua tangu nyumbani kwamba sioni vizuri, nikaenda hivyohivyo." Nilikuwa sijawahi kukusikia ukiomba msamaha, kwa hiyo sikujua kwamba ndivyo ulivyokuwa unaomba. Nilichukua mtandio wangu tukaondoka.

Kwa Mzee Shabani hukuigusa ile kubwa. Uliniambia nifumbe macho, niilete ile ndogo begani, nilaze shavu pale linapopenda lenyewe, ndipo nifumbue.

"Unaona nini?"

"Duara. Lakini upande mmoja una giza, kama mwezi ulioliwa."

"Basi haijakukaa." Mkasogeza darubini nyuma kidogo, Mzee Shabani akakaza skrubu. Fumba, weka, fumbua. Mara ya nne nikaona duara kamili, safi, bila kunyoosha shingo. Kitako cha raifali kilikuwa kirefu kwa mkono wangu. Fundi seremala wa mtaani akakikata upana wa vidole viwili na kukipiga msasa. Nilikuuliza kwa nini tusichukue ile darubini kubwa tuihamishie huku, nione vizuri zaidi.

"Itakuonyesha karatasi kubwa," ulisema, "na itakuonyesha moyo wako unavyodunda, uanze kuushughulikia. Anayeanza anahitaji kuona cha kutosha tu."

Leseni ikatoka kwa jina langu. Wastaafu wale walicheka mwanzoni, mwalimu wa kike amelala kwenye gunia na kanga juu ya sketi. Shindano la kwanza nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Nilikuletea karatasi pale ulipokaa ukutani, ukaipapasa kwa vidole, tundu kwa tundu.

"Haya matatu yako pamoja. Hapa ulitulia. Hili la huku chini uliwahi, ulitaka liishe."

Ilikuwa kweli. Kwa miaka sita ulizisoma karatasi zangu hivyo, na hata baada ya kupasuliwa jicho la kulia ukaanza kuona tena, uliendelea kutumia vidole. Sikushinda kombe. Lakini nilijifunza kungoja pumzi iishe kabla ya kufanya jambo, na darasani hilo limenisaidia kuliko chuo.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika. Baada ya kuikabidhi raifali nilikwenda Kifanya kumwambia mama. Nilimsimulia habari ya machimboni, jambo nililomficha miaka yote nikidhani nakulinda. Alikuwa anachambua maharage, wala hakuacha.

"Aliniambia jioni ile ile," akasema. "Hakula. Alisema hatatoka na wewe tena popote, kwa sababu kila akikuangalia anakuona umeanguka pale ukutani. Nikamwacha wiki ya kwanza, nikamwacha ya pili. Ya tatu nikamwambia, mtoto anadhani umemkasirikia. Hajui kwamba unaogopa."

Nimekaa na maneno hayo siku mbili, baba. Wiki zile tatu nilizokuwa nikijilaumu kwa ulimi wangu, wewe ulikuwa unanikwepa usinione nimekufa.

Ungeniuliza ningekuambia. Pale ukutani niliogopa mtutu, sikukuogopa wewe, na hasira yangu ilikwisha kabla hatujafika Njombe. Nilinyamaza kwa kuwa ulinyamaza. Basi pokea leo nilichopaswa kusema ndani ya gari lile: nilikusamehe siku ile ile, na wewe nisamehe kwa neno lile.

Pumzika, baba. Mama anakusalimu, na mipaina yako ya mtoni imekomaa.

Mwanao,
mwalimu.