Salamu za Simu ya Nje

Mjukuu wangu Neema,

Huku Litembo hatujambo, kahawa imechanua. Umeuliza utadumishaje urafiki na mwenzako aliyehamia Kanada.

Mitumba ilipoanza kujaa Mbinga, mimi kijana nilitaka jinzi mpya. Rafiki yangu Greta, aliyewahi kufundisha hapa, akapiga simu posta kutoka Ujerumani siku tuliyopatana kwa barua, nami nilikwenda na mama. Nikaanza na vipimo vya kiuno changu, ili aninunulie jinzi.

"Hata salamu? Huyo hana mama?" mama yangu akauliza.

"Simu ya nje ni ghali, mama."

Akaninyang'anya mkonga wa simu. "Mwanangu, mama hajambo?" Akasikiliza, akaketi. "Pole, mwanangu. Mmemzika lini?"

Jinzi ilifika. Ilinitosha kabisa, na sikuweza kuivaa mbele ya mama.

Ukimpigia mwenzako, anza kwa kumwulizia mama yake.

Babu yako