Mtoto Hakutakiwa Kutafsiri Hili

Binti yangu,

Umelala, sikutaka kukuamsha. Chakula kiko jikoni, pasha moto ule. Nimerudi hospitali, nitalazwa. Baba atarudi jioni.

~~Mpigie umweleze.~~ Nimeyakata maneno hayo. Nitamwambia mwenyewe, wewe umeshasema mara moja, inatosha.

Asubuhi daktari alikutazama wewe badala yangu, akakwambia wewe kwanza. Ukanishika mkono, ukasema, "Mama, mtoto tumboni amefariki." Una miaka kumi na miwili tu! Tangu tuhamie huku wewe ndiye mdomo wangu, dukani, ofisini, kila mahali, na mimi nikabweteka, sikujifunza lugha yao. Nisamehe. Sasa nimeomba mkalimani mtu mzima.

Nilikusikia ukilia bafuni. Usijifiche tena. Nikirudi, tutalia pamoja.

Mama yako